Maswali ya Wasomaji: Mizigo ya Mabehewa ya Mfano

Barua zilizotufikia mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: mabehewa ya mizigo ya treni za mfano yapakiwe nini, na mzigo huo utengenezwe vipi hata mtu akiutazama kwa karibu auamini. Tumechagua barua nane. Kwa kuwa wengi wenu mnatumia kipimo cha 1:87, kile kinachoitwa HO, vipimo vilivyomo humu ni vya HO isipokuwa pale tulipotaja kingine. Mwenye kipimo tofauti achukue urefu wa kitu halisi kwa milimita, augawe kwa namba ya kipimo chake, na atapata jibu lake.

Swali: Ndugu mhariri, nimejenga kipande cha reli ya TAZARA. Behewa langu la wazi nimelijaza hadi ukingoni chembe za plastiki nilizozipaka rangi ya shaba, lakini kila anayeliona huniuliza kama nimepakia mahindi. Kasoro iko wapi? — Msomaji, Mbeya

Jibu: Ndugu yangu, kasoro haimo kwenye rangi. Shaba ni nzito mno. Mita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa karibu tani 9. Behewa la kubeba tani 40 hufikia kikomo chake kwa mita za ujazo 4.5 tu za shaba, ilhali tani 40 za mahindi zinahitaji zaidi ya mita za ujazo 50. Ndiyo maana watazamaji wako, hata wasiojua lolote kuhusu reli, wanapoona behewa limejaa hadi ukingoni kitu cha chembechembe, akili yao huwapeleka moja kwa moja kwenye nafaka. Wako sahihi. Behewa la shaba likiwa limebeba uzito wake wote, mtu aliyesimama mbali hulidhani ni tupu.

Jambo la pili ni umbo. Shaba ya Zambia inayoteremka kwenda Dar es Salaam kwa ile reli ya kilomita 1,860 haisafiri ikiwa chembe. Husafirishwa kama mabamba yaliyotoka kwenye matangi ya kusafishia kwa umeme, kila bamba likiwa na upana wa karibu mita moja kila upande na unene wa milimita chache, nayo hupangwa na kufungwa kwa mikanda ya chuma kuwa mafungu ya tani mbili hadi mbili na nusu. Kwa kipimo chako, bamba ni mraba wa milimita 11.5. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa karibu milimita 0.1, ambao ukizidishwa mara 87 unakaribia milimita 9, kwa hiyo karatasi hiyo ndiyo bamba lako na huna haja ya kutafuta kingine. Ipake rangi pande zote mbili kabla ya kuikata, kisha panga vipande 32 kimoja juu ya kingine, bila kuvilinganisha sana kwenye kingo, kwa maana mabamba halisi hayalingani. Utapata fungu lenye kimo cha zaidi kidogo ya milimita 3, na uzito wake halisi, ukiupigia hesabu, unakaribia tani mbili na nusu. Mafungu 16 ndiyo tani 40. Yapange katika safu mbili za nane nane, ukiyatawanya sakafuni ili uzito ugawanyike kwenye bogi zote mbili, yaani fremu za magurudumu zilizo chini ya ncha za behewa. Mpakiaji wa kweli hawezi kuyarundika yote katikati ya behewa.

Rangi nayo ina neno lake. Shaba iliyotoka kiwandani ina wekundu uliopauka unaoelekea waridi, na haimetameti. Rangi za dukani zenye chembe za kung'aa huharibu kazi, kwa sababu chembe hizo ni kubwa mno kwa kipimo hiki. Changanya kahawia, nyekundu kidogo na nyeupe, kisha acha baadhi ya mabamba yawe na madoa meusi kidogo ya hewa na vidole.

Nimelijibu swali hili kwa kirefu kwa sababu linahusu kila mzigo. Kabla ya kununua rangi, uliza uzito. Makaa ya mawe yaliyomiminwa yana uzito wa kilo 800 hivi kwa mita moja ya ujazo. Kokoto na mchanga ni kilo 1,500 hadi 1,600. Mawe ya madini ya chuma hupita kilo 2,000. Chukua behewa la wazi lenye ujazo wa mita 40 na uwezo wa tani 40: makaa ya mawe yatapanda juu ya ukingo na kufanya kichuguu, kokoto zitaishia karibu theluthi mbili za ukuta, na madini ya chuma hayatafika nusu. Mabehewa matatu ya aina moja, yenye mizigo mitatu na vimo vitatu tofauti, yakipangwa pamoja yataeleza kazi ya reli kuliko mapambo mengine yote utakayoweka pembeni.

Swali: Nataka treni yangu ya Tanga ibebe katani ya miaka ya 1950. Nimevifunga vipande vya mbao kwa nyuzi halisi za katani kutoka shambani, lakini marobota yangu yamekuwa kama vifagio. Je, kuna nyuzi laini zaidi? — Msomaji, Muheza

Jibu: Umechagua mzigo ulio na haki ya kuwa kwenye reli hiyo kuliko mwingine wowote. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mwaka huo huo ndipo ujenzi wa reli ulipoanzia Tanga kuelekea bara. Mashamba na reli vilikua pamoja, na kwa miaka mingi robota la katani ndilo lililokuwa sura ya stesheni za njia hiyo.

Nyuzi halisi hazifai kwa sababu ya unene wake. Uzi mmoja wa katani una unene wa karibu robo ya milimita. Ukiuweka kwenye robota la 1:87 unakuwa na unene wa sentimita mbili, sawa na kamba ya kufungia jahazi. Jambo hili huwatatiza wengi: kitu chenyewe hakiwezi sikuzote kujiwakilisha kikiwa kidogo, na mara nyingi kitu kingine hufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Robota la katani la biashara lina uzito wa kilo 250, yaani manne kwa tani. Tuchukulie urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 70. Kwa kipimo chako ni milimita 14 kwa 7 kwa 8. Kata kijiti cha mbao laini chenye upana na kimo hicho, kisha ukikate vipande vya milimita 14. Kila kipande kipake gundi nyeupe ya maseremala, ukizungushie tabaka jembamba sana la pamba ya dukani iliyonyooshwa kwa upande mmoja, na gundi ikikaribia kukauka upitishe juu yake brashi kuukuu ya meno kwa kufuata urefu wa robota. Nywele zitalala upande mmoja, kama zinavyolala nyuzi zilizobanwa kwenye shinikizo la kiwandani. Acha ncha mbili zionyeshe mikunjo kidogo. Vifungo viwe vya uzi mwembamba wa cherehani uliopitishwa kwenye nta ili usiwe na manyoya. Rangi ni ya maziwa yaliyoingia njano kidogo sana. Ukitumia nyeupe tupu watu watasema ni pamba, na pamba husafiri ikiwa imevikwa gunia.

Sasa kuhusu kupakia. Katani inashika moto upesi, nayo haipendi maji, na treni ya miaka ya 1950 ilivutwa na injini ya mvuke. Kwa hiyo iweke ndani ya behewa lililofunikwa, au chini ya turubali. Nakushauri behewa lililofunikwa lenye mlango mmoja uliosukumwa wazi, likiwa limesimama kwenye jukwaa la kupakilia. Tani 30 za katani ni marobota 120, lakini huhitaji kuyatengeneza yote: manane yanayoonekana mlangoni, sita yaliyobaki jukwaani na mawili kwenye toroli yanatosha kabisa, na nyuma ya yale ya mlangoni unaweza kuweka kipande cha kadibodi kilichopakwa rangi nyeusi. Jitihada yako itumike kwa yale machache yanayotazamwa.

Swali: Mimi ni mstaafu, nilikuwa karani wa mizigo kwenye reli ya kati. Mjukuu wangu ametengeneza treni ya kupendeza, lakini maturubali yake ni vipande vya mfuko wa nailoni, yamenyooka na yanang'aa. Turubali la kazini halikuwa hivyo hata kidogo. Nimwelekeze vipi? — Mzee, Tabora

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Mjukuu ana bahati ya kuwa na mwalimu aliyeyashika maturubali yenyewe.

Turubali la kweli ni zito, na uzito huo ndio unaokosekana kwenye nailoni. Mwambie achukue karatasi laini ya kujifutia, atenganishe matabaka yake na kutumia tabaka moja tu. Kwa behewa la urefu wa sentimita 15, akate kipande kinachoning'inia kila upande kwa sentimita moja na nusu hivi. Achanganye gundi nyeupe na maji, sehemu moja ya gundi kwa mbili za maji, alilaze tabaka hilo juu ya mzigo uliokwisha kupangwa, kisha aipakaze gundi hiyo taratibu kwa brashi laini bila kuvuta. Karatasi italegea na kubonyea penye nafasi kati ya magunia, na kukaza penye pembe. Akiona imejikunja, asiinyooshe. Pembeni za mbele na nyuma zikunjwe kama bahasha, mkunjo ukielekezwa nyuma ya mwendo ili upepo usiufungue. Ikikauka, rangi iwe kijani kilichokolea kinachoelekea weusi, isiyong'aa kabisa, na juu ya migongo ya mikunjo apitishe brashi karibu kavu yenye rangi ya vumbi la Tabora, ambalo wewe unalijua.

Mambo mawili yanakusubiri wewe, mzee, kwa sababu sisi tunayajua kwa kuyasoma tu: kamba zilipitishwa wapi na kufungwa kwenye pete zipi za behewa, na maji ya mvua yaliachiwaje yateremke yasituame juu. Turubali lililolazwa juu ya mzigo usio na mgongo katikati hukusanya maji, na wapakiaji walikuwa na njia zao za kulizuia hilo. Mchoree mjukuu. Kama maturubali ya kituo chenu yaliandikwa herufi na namba, mkumbushe aziandike, kwa ukubwa na mahali unapopakumbuka.

Swali: Nina injini ya mvuke aina ya Garratt, ya daraja la 59 ya East African Railways, na nyuma yake nataka kuweka mabehewa kumi ya makaa ya mawe kati ya Mombasa na Nairobi. Ni makaa gani yanafaa? — Msomaji, Nairobi

Jibu: Injini hizo 34, zilizojengwa na Beyer Peacock huko Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilichoma mafuta mazito. Hazikula makaa ya mawe. Kwa hiyo treni nzima ya makaa nyuma ya injini hiyo itamsumbua kila anayeijua njia ile. Ukitaka mzigo unaohusiana na injini yenyewe, weka mabehewa ya matangi yanayopanda kutoka pwani, yenye michirizi myeusi iliyoteremka kutoka kwenye mfuniko wa juu. Michirizi hiyo hufanywa kwa tone la rangi nyeusi ya mafuta lililopunguzwa na kuvutwa chini kwa brashi safi.

Daraja la 59 lilikusudiwa kuvuta tani 1,200 kwenye mpando wa mita 1.5 kwa kila mita 100, na njia hiyo ina mzigo wa kutosha kuistahili. Treni ya kupanda ibebe mafuta, mashine, mabati na bidhaa zilizoshushwa Kilindini. Ya kushuka ibebe kahawa, chai na pamba ya Uganda. Kahawa huwa kwenye magunia ya kilo 60 ndani ya mabehewa yaliyofunikwa, hivyo sehemu kubwa ya treni yako haihitaji mzigo wowote wa kuonekana, jambo ambalo ni unafuu mkubwa kwa mjenzi.

Hata hivyo, kama behewa moja au mawili ya makaa kwa ajili ya kiwanda yatakupendeza, tumia makaa ya mawe yenyewe, yafunge kwenye kitambaa kinene, yaponde kwa nyundo na uyachekeche. Bonge la sentimita 15 linakuwa milimita 1.7 tu. Mkaa wa kupikia haufai sana, kwa sababu hauna ule mng'ao wa makaa ya mawe yaliyovunjika, na vumbi lake huendelea kutia weusi kila kinachougusa.

Swali: Mwanangu ana miaka 12 na amepewa treni ya HO na mjomba wake. Anaomba mizigo, lakini ile ya kununua ni ya bei na inatoka nje. Tunaweza kutumia vitu vya nyumbani? Tayari amejaza behewa moja mtama na jingine mchanga wa baharini tuliotoka nao Bagamoyo. — Mama, Morogoro

Jibu: Dada yangu, nyumba yako ina karibu kila anachohitaji, ila hivyo viwili alivyoanza navyo vina shida. Mtama utaleta fukusi, na baada yao panya, ambao hawatakula mtama peke yake. Watatafuna na nyaya. Isitoshe, punje moja ya mtama kwa kipimo hiki ni kubwa kama jiwe la kujengea msingi. Mchanga wa baharini una chumvi inayonyonya unyevu na kula reli, na mara nyingi huwa na chembe nyeusi zinazovutwa na sumaku, ambazo zikiingia ndani ya mota ya injini huiharibu. Mwambie apitishe sumaku iliyofungwa kwenye karatasi juu ya mchanga huo, naye ataziona mwenyewe zikirukia. Mchanga ulio salama ni wa mto, uoshwe kwa maji baridi mara kadhaa, ukaushwe juani, upitishiwe sumaku, halafu uchekechwe kwa chujio la chai. Zinazopita ni kokoto za reli, kwa kuwa kokoto ya sentimita 5 ni zaidi kidogo tu ya nusu milimita. Zinazobaki juu ni mawe ya kujengea.

Vijiti vya mishikaki ndivyo ningempa kwanza. Vingi vina unene wa milimita 3, ambao ni sentimita 26 kwa kitu halisi, na huo ndio unene wa nguzo ya umeme. Avikate kwa urefu wa milimita 115 hadi 138, yaani nguzo za mita 10 hadi 12, upande mmoja ausugue kwa msasa uwe mwembamba kidogo, kisha avipake rangi ya kijani iliyofifia, kwa kuwa nguzo nyingi za mikaratusi hutiwa dawa inayoziacha na ukijani. Kumi na tano zinatosha kwa behewa tambarare lenye vizuizi vya wima pembeni. Azilaze zikibadilishana, ncha nene kando ya ncha nyembamba, la sivyo lundo litainama upande mmoja, na atakuwa amejifunza kwa nini wapakiaji hufanya hivyo.

Magogo yanapatikana kwenye vitawi vya mpera, ambavyo gome lake ni jembamba na laini. Tawi la nusu sentimita ni gogo la zaidi ya sentimita 40. Yakauke kivulini kwa majuma kadhaa kabla ya kufungwa, kwa sababu yakipungua baada ya kufungwa kamba zitalegea. Magunia hufanywa kwa udongo wa mfinyanzi au kwa unga wa ngano uliokandwa kwa chumvi nyingi na gundi, lakini wa pili huo upakwe vanishi pande zote, tukikumbuka wale panya.

Na kwa kuwa mko Morogoro, mwende Kidatu siku moja. Pale mizigo huhamishwa kati ya reli yetu ya zamani yenye upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA yenye milimita 1,067. Ukigawa kwa 87 tofauti inakuwa chini ya milimita moja, hivyo njia ya mfano yenye upana wa milimita 12 huwakilisha zote mbili. Jukwaa moja, njia mbili, mabehewa manne na mzigo uliofika nusu ya kuhamishwa: hiyo ni kazi ya kutosha likizo nzima, na haihitaji chumba.

Swali: Je, chumvi ya mezani inaweza kuwakilisha magadi katika mabehewa ya njia ya Konza na Magadi? — Msomaji, Kajiado

Jibu: Hapana, kwa sababu ileile ya kutu. Magadi yaliyosafishwa ni unga mweupe unaovuta unyevu, kwa hiyo katika hali halisi nayo hufunikwa. Tumia behewa lililofungwa, na uweke ushahidi wa mzigo kwa nje: saga chaki nyeupe, ipake kwa brashi kavu kuzunguka midomo ya kupakilia na kwenye milango ya chini, ikikolea pale penye mdomo na kufifia kadiri inavyoteremka ukutani. Kisha pulizia vanishi isiyong'aa kwa mbali, kwa kuwa ukiikaribia chaki yote hutoweka.

Swali: Ninaishi Hamburg katika fleti ndogo, natumia kipimo cha N (1:160), na ninataka treni ya makontena ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi. Makontena ya dukani yote yana majina ya kampuni nisizoziona kwetu, na yote yanaonekana mapya. — Msomaji, Hamburg

Jibu: Kipimo chako kinakufaa kwa namna ya pekee, kwa kuwa njia ya milimita 9 ikizidishwa mara 160 inatoa milimita 1,440, karibu sawasawa na upana wa 1,435 wa SGR iliyofunguliwa mwaka 2017.

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.058, upana wa 2.438 na kimo cha 2.591. Kwako ni milimita 37.9 kwa 15.2 kwa 16.2. La futi 40 lina urefu wa mita 12.192, yaani milimita 76.2. Chora nyuso zake kwenye kompyuta, zichapishe kwenye karatasi ya manila, kata kwa wembe mpya, kunja na gundisha juu ya kiini cha lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni mpya. Kingo zilizokatwa huacha mstari mweupe unaofichua kuwa ni karatasi, kwa hiyo zipitishie kalamu ya rangi inayofanana kabla ya kugundisha. Mikunjo ya ukuta ukitaka iwe ya kweli, chora mistari kwa nyuma ya karatasi kwa ncha ya kalamu ya wino iliyokwisha, ukifuata rula. Ni kazi ya uvumilivu, lakini mwanga wa ubavuni ukiipiga utafurahi.

Kuhusu upya, nenda bandarini hapo kwenu ukayatazame. Kutu ya kontena huanzia penye vyuma vya pembe, kwenye mkwaruzo wa kreni, na chini ya milango. Paa huonekana sana kwenye treni ya mfano kwa sababu tunaitazama kutoka juu, kwa hiyo lipe paa uangalifu kuliko ubavu: rangi iliyopauka, mabonde kidogo, madoa ya kutu. Namba za kila kontena zitofautiane. Na Hamburg kuna Miniatur Wunderland, iliyofunguliwa mwaka 2001; ingawa treni zake ni za HO, siku moja mbele ya mabehewa yake ya mizigo, ukiwa na daftari, itakufaa.

Swali: Mabehewa yangu ya HO yakiwa na mzigo huenda vizuri, lakini nikiutoa huanguka kwenye kona. Tena nataka yaende yamejaa na kurudi matupu kama ya kweli, ila mzigo ukishagundishwa hautoki. — Msomaji, Dodoma

Jibu: Mambo hayo mawili hutatuliwa pamoja. Chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za mfano, NMRA, kilichoundwa mwaka 1935, kinapendekeza kwamba behewa la HO liwe na uzito wa gramu 28, na juu yake gramu 14 kwa kila milimita 25 za urefu. Behewa la sentimita 15 linahitaji basi takriban gramu 112. Uzito huo usiutegemee mzigo. Ubandike chini ya sakafu, kati ya bogi, kwa washa za chuma (zile pete bapa zinazowekwa chini ya nati) zilizopangwa chini kadiri inavyowezekana, ili behewa tupu liwe tayari limetimiza uzito wake. Risasi ni nzito zaidi na wengine huitumia, lakini ina sumu na isiwe mahali watoto wanapogusa.

Baada ya hapo, mzigo uwe mwepesi na uwe kitu kimoja kinachotoka. Kata povu gumu litoshe ndani ya behewa kwa kulegea kidogo, nusu milimita kila upande, na kimo chake kifuate uzito wa mzigo kama tulivyomweleza ndugu yetu wa Mbeya. Lichonge juu liwe na umbo la mmimino. Mzigo uliomwagwa kutoka kwenye bomba la juu hufanya vichuguu viwili au vitatu vya duara. Uliopakiwa kwa sepetu hauna mpangilio. Na kwa vyovyote mteremko wa kokoto au makaa hauzidi sana digrii 35, kwa maana zaidi ya hapo hujiporomokea wenyewe. Lipake povu rangi ya mzigo, ili chembe zikikosekana mahali weupe usionekane. Paka gundi nyeupe, nyunyiza chembe, kisha ongeza gundi iliyopunguzwa kwa maji na tone moja la sabuni ya maji, ukiidondosha kwa bomba la sindano. Sabuni huifanya gundi ipenye bila kuzisukuma chembe. Usitumie supaglu, kwa kuwa hulila povu.

Kabla ya kunyunyiza chembe, zamisha washa moja ndogo katikati ya povu, chini kidogo ya uso. Behewa likifika mwisho wa safari, shusha sumaku juu yake na mzigo mzima utanyanyuka bila kuguswa na vidole. Washa hiyo iwe katikati kabisa, kwa sababu ikikaa upande mmoja mzigo huinama unaponyanyuliwa na kukwama kwenye ukuta wa behewa.